Shoka la Mwokaji

Wiki tatu tangu shoka limchane mume wake mguu, mwokaji mikate hakuwa amethubutu kushika shoka lolote. Lakini kuni zilizochanjwa zilikuwa zimebaki za siku moja tu, na tanuri halina habari na mgonjwa.

Akaenda kwa mhunzi, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi.

"Fundi, nataka lenye makali kama wembe. La mume wangu lilikuwa butu, liliteleza kwenye gogo likamrukia."

"Pole, dada. Unakata miti au unachanja kuni?"

"Nachanja. Magogo yana mafundo."

Mhunzi akalirudisha ukutani shoka jembamba alilokuwa ameshalishusha. "Basi hili litazama kwenye gogo, linase. Utalivuta kwa hasira, lichomoke likupige usoni."

Mwokaji akayatazama mashoka ukutani. Butu linaruka, jembamba linanasa. Sasa achague kidonda kipi?

"Nipe lisilokata mtu."

"Hilo sijalifua bado," mhunzi akacheka, kisha akayaona macho yake, akaacha. Akatoa shoka zito lenye mashavu manene pande zote mbili za makali, akalinoa kwa tupa, kisha kwa kinoo, makali yakatoka yamevimba kidogo kama ubavu wa mbegu. "Makali yanaingia, mashavu yanalipasua gogo. Mpini wa mumeo ulikuwa urefu gani?"

Mwokaji akaonyesha kwa mikono.

"Mfupi mno. Mpini mfupi ukikosea unakurudia miguuni. Mrefu unaishia ardhini."

Nyumbani, mume alikuwa mlangoni, mguu wenye bandeji juu ya ndoo.

"Utajikata, mke wangu. Niachie mimi."

"Kwa mguu upi?"

Alitamani kuyameza maneno hayo. Akainua shoka, akafumba macho, akakosa gogo. Shoka likajikita ardhini. Mume akapiga ukelele.

Mwokaji akaketi palepale. Kisha akatazama: shoka lilikuwa limeingia hatua nzima mbele ya vidole vya miguu yake.

"Nielekeze," alisema.

"Panua miguu," mume akasema. "Anzia pembeni, likwepe fundo. Na usifumbe macho, tafadhali."

Mwokaji akasimama, akapiga tena. Gogo likatoa mlio mkavu, likafunguka vipande viwili.

Hadi alasiri alikuwa amechanja kuni za siku mbili. Hofu haikumtoka. Kila alipoinua shoka aliitazama miguu yake kwanza, na pale mlangoni mumewe naye alikuwa akiitazama.