Mfuko wa Bi Pyo Ok-bun

Wasinidanganye watu wa Boston kwamba kosa lilikuwa la mfumo. Mfumo gani? Kosa nililifanya mimi, Seok Mi-ran, kwa mkono wangu huu.

Kampuni yetu ni ya ubia, nusu ya Wakorea wa hapa Osong, nusu ya Wamarekani wa Boston. Tunachukua seli nyeupe za damu ya mgonjwa, zinafundishwa kiwandani kuitambua saratani, kisha anarudishiwa mwenyewe. Mimi naandikisha wagonjwa na kuusindikiza mfuko wa seli hizo mpaka kitandani. Fahali wawili hawakai zizi moja, lakini hawa wetu walikaa, kwa sharti moja: likitokea jambo la shaka, pande zote mbili zitie sahihi.

Saratani ya Bi Pyo Ok-bun ilikuwa imeshashinda dawa tatu. Daktari alimwambia mwanawe, Tak Gyu-ho, bila kuzunguka: ni mfuko huu au basi, maana damu ya kutengenezea mwingine mama hana tena.

Asubuhi ya kumrudishia seli zake nilimkuta bibi ameketi kitandani, bakuli la uji wa mchele mapajani.

"Haya, mwanangu, seli zangu mmezipeleka shule mwezi mzima. Zimefaulu?"

"Zimeongoza darasa, mama."

"Hee! Basi zimemshinda huyu Gyu-ho."

"Mama, jamani, mbele za watu?" Gyu-ho akasema, lakini alikuwa anacheka. Sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku hiyo.

Muuguzi akamdunga sindano ya kumtuliza, bibi akaanza kusinzia. Chumba cha pili tukalinganisha mfuko na fomu yangu, vikaoana neno kwa neno, tukauyeyusha barafu kwenye maji ya uvuguvugu. Ukishayeyuka una nusu saa tu, na haugandishwi tena.

Kitandani muuguzi akasoma utepe wa hospitali mkononi mwa bibi. Akasoma tena.

"Bi Seok, mfuko unasema amezaliwa tarehe tisa Machi. Utepe unasema kumi na nne Aprili."

Nilijua palepale. Wazee wetu siku ya kuzaliwa huihesabu kwa mwezi mwandamo, mama yangu mwenyewe yuko hivyohivyo. Nilimuuliza bibi, akanijibu mwezi wa tatu, tarehe tisa, nami mjinga nikaandika Machi, kumbe kwa kalenda ya kitambulisho ni Aprili. Sikudai kitambulisho. Mtu mzima ameshakujibu, halafu umdai karatasi? Niliona ni kumvunjia heshima. Mhakiki wa pili wa fomu naye alimuuliza kwa mdomo, akajibiwa vilevile.

Nikampigia mkurugenzi wa upande wetu wa Wakorea, Ma.

"Ni yeye, bosi. Naapa ni yeye."

"Najua ni yeye. Lakini sahihi yangu ni nusu, Seok. Ngoja niwapate Boston."

"Zimebaki dakika ishirini na mbili!"

"Kwao ni saa ya chakula cha jioni, hawashiki simu. Nimekwambia ngoja."

Gyu-ho alikuwa amesikia yote. Akanisogelea.

"Dada, aliyeandika ni wewe?"

"Ni mimi."

"Basi sahihisha."

Na njia ilikuwapo. Kosa la kunakili halihitaji sahihi mbili, yangu inatosha. Ningeandika kwamba siku ile nilikiona kitambulisho, nikakosea kunakili, na muuguzi angefungua mrija saa ileile. Lakini sikukiona.

"Utakuwa uongo," nikasema.

"Uongo wa kumdhuru nani? Mama yangu huyo hapo! Damu yake hiyo! Nakuomba, dada."

Akapiga magoti sakafuni, mwanamume mzima, mbele ya wauguzi. Nikashika kalamu. Nitasema kweli, maana sina cha kuficha tena: sikumfikiria mgonjwa, nilifikiria leseni yangu. Ikigundulika, nimekwisha. Nikasema tuwasubiri Boston, watapiga tu.

Nusu saa ikaisha. Muuguzi akauchukua mfuko, akautumbukiza kwenye pipa la manjano la taka za hospitali, macho yake yamejaa machozi. Dakika kumi baadaye Ma akapiga. Boston wamekubali, akasema, endeleeni. Nikakata simu.

Bi Pyo akafumbua macho, akautazama mrija mkononi mwake.

"Zimeshaingia? Mbona sikusikia chochote?"

Gyu-ho akageukia dirishani. Mimi nikainama.

"Zimeshaingia, mama."

"Ahsante, mwanangu. Umehangaika sana na mimi." Akanipapasa mkono, akalala tena.

Gyu-ho akanifuata hadi mlangoni. Nilidhani atanipiga, na ningemwacha anipige. Hata sauti hakupandisha.

"Kumbe kusema uongo unajua," alisema. "Ungeusema nusu saa iliyopita."