Kaburi la Mukhisa Lapanda Kilima

Nakhungu alikuwa akipanga mifuko ya mchanga mlangoni alipotambua kuwa kaburi la mumewe, Mukhisa, halikuwa tena nyuma ya jiko. Lilikuwa kando ya kisima, msalaba ukiwa wima na maua ya plastiki mahali pake.

"Mama, baba amehama," binti yake Fridah alisema.

"Nimeona. Leta mchanga."

Redio ilikuwa imetangaza kwamba mto ulio chini ya soko la Kamukuywa ungevunja kingo zake kabla ya Jumapili. Mwaka uliotangulia, watu wa mtoni walipopewa viwanja kilimani, Nakhungu alikataa. Alisema mjane hawezi kuliacha kaburi la mumewe liliwe na maji, na jirani zake wakasema vivyo hivyo. Baadaye viwanja vilizungushiwa waya, na mtu ambaye hawakuwahi kumwona akapanda mikaratusi.

Kaburi lilipanda bila haraka. Lilipovuka barabara, makaburi ya jirani yalilifuata, ya watoto yakitangulia kwa kuwa yalikuwa mepesi. Waliokwenda sokoni waliyapisha.

"Mama Fridah," Agneta, muuza dagaa wa omena, alimtania, "si ulikataa kuhama ati kwa sababu ya mzee? Sasa mzee amekuacha!"

"Ametangulia kututafutia mahali."

Nakhungu alilifuata kaburi akiwa na godoro kichwani, Fridah akiwa na sufuria na kuku. Kilimani, mlinzi aitwaye Kipkemboi aliyafungulia makaburi geti, akayahesabu, akafunga.

"Nyinyi hapana, mama."

"Umemfungulia mume wangu."

"Huyo hapiki, hajengi, haombi choo. Bosi amesema wafu hawana shida. Wewe nikikufungulia, kesho nitakuta nyumba."

"Basi mchukue msichana peke yake."

"Mama, usinitafutie maneno, bana. Si unaona yuko hai?"

Walishuka. Mvua ilikuwa imeanza, na kuku alikuwa amelowa. Nakhungu aliinua kitanda juu ya matofali, akaweka gunia la mahindi juu ya kitanda.

Nyuma ya jiko lilibaki shimo alimokuwa Mukhisa. Maji yalikuwa yakipanda ndani yake kutoka chini.

"Mama, nilifukie?" Fridah aliuliza, jembe likiwa mkononi.

Nakhungu alilitazama shimo, kisha akamtazama binti yake kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Liache," alisema. "Lipanue kidogo upande huo."