Chai ya Kusimama

Habari ilifika Iftin, mtaa wao wa Garissa, kabla ya Nunow mwenyewe. Yeye alikuwa bado njiani anakula vumbi la barabara ya Modogashe, na tayari simu ya mkewe Kowsar ilikuwa imepokea jumbe tano za sauti: mmoja kutoka kwa mdogo wake Nasteha, na nne kutoka kwa shangazi zake, kila shangazi akiongeza chumvi yake. Kiini kilikuwa kimoja. Nunow alipita kwa mama mkwe wake, Barwaqo, akatandikiwa mkeka, akakataa kuketi. Alikunywa chai akiwa amesimama, kikombe kimoja tu, akaaga akaenda zake.

Kwingine hilo lingepita tu. Kwa watu hawa halipiti. Na mkeka wenyewe haukuwa wa kuanikia nyama. Barwaqo aliusuka mwaka mzima kwa nyuzi za magome alizozitafuna kwa meno yake mpaka zikalainika, na tangu siku ya nikaha ya Kowsar hakuwa ameutandikia mtu mwingine isipokuwa Nunow. Mtu hukataa kuketi kwa watu wake akiwa amebeba habari ya msiba, au akiwa anataka kuvunja undugu. Msiba haukuwapo. Basi shangazi wakaketi wao, wakaliangalia jambo mbele na nyuma, wakapata jibu: Nunow ana mwanamke mwingine huko Rhamu.

Ukweli ulikuwa mdogo zaidi, nao ulikaa mahali pasipotajwa.

Nunow Yarrow alikuwa fundi wa pampu za sola. Visima vyake vilitawanyika kuanzia nje ya Garissa mpaka mbali kule Mandera, na vyote alivifikia kwa pikipiki, sanduku la vifaa likiwa limefungwa nyuma. Siti ya pikipiki hiyo ilikuwa imechoka. Sponji ililala zamani, na kilichobaki ni ngozi ya bandia juu ya ubao. Kwa mwezi mzima sasa Nunow alikuwa amechubuka makalio, mahali ambapo kupataja ni mwiko, na kulalamika ulikuwa mwiko wa pili, aliojiwekea mwenyewe, kwa hiyo hakumwambia mtu. Babake alitembea na ngamia kwa miguu siku kumi na mbili bila kusema amechoka. Mwana wa mtu huyo ataanzaje kulalamikia kiti? Siku ile kwa Barwaqo alikuwa ametoka kuendesha saa nne mfululizo. Aliuangalia mkeka, akajua kwamba akiketi atapiga kelele mbele ya mama mkwe. Akachagua kusimama.

Alipofika nyumbani, Kowsar alikuwa mlangoni.

"Keti," alisema kabla salamu hazijaisha.

"Nitaketi. Wacha kwanza nioshe uso."

Akaosha uso. Akaosha mikono. Akaosha miguu, kisha akaiosha tena.

"Nunow Yarrow, keti chini."

Akaketi kwa upande mmoja, mkono ukutani, na macho yakamtoka. Kowsar alikuwa amejiandaa kwa ugomvi tangu adhuhuri. Maneno alikuwa ameyapanga vizuri, mengine makali sana, lakini uso ule ulimvuruga.

"Ni Rhamu?" aliuliza.

"Rhamu kuna nini?"

"Kuna mwanamke?"

"Kuna pampu! Wallahi, Kowsar, Rhamu mimi nina pampu mbili na mzee mmoja anayezichokonoa kwa msumari."

"Basi kwa nini umekataa mkeka wa mama yangu?"

Hapo Nunow akamwambia. Alimwambia huku akiangalia ukuta, kwa sauti ya mtu anayekiri wizi. Kowsar alicheka mpaka akashika mbavu, akacheka mpaka machozi yakatoka, na katikati ya machozi hayo kicheko kikaisha na kilio kikabaki.

"Mama yangu hajala tangu ulipoondoka," alisema. "Anasema, kwani mkeka wangu una miiba? Kumbe ni makalio yako!"

Nunow aliona aibu iliyozidi maumivu. Alimpenda mama yule. Siku ya kuposa, watu wengine wa nyumba walipouliza fundi wa pampu ana ngamia wangapi, Barwaqo ndiye aliyesema mtu anayewapa ngamia maji hahitaji kuulizwa idadi yao.

"Mpigie umweleze," alisema.

"Nimweleze nini? Mama, shikamoo, makalio ya mkweo yamechubuka?"

Hilo kweli halisemeki. Kuna maneno ambayo mtoto wa kike hampelekei mama yake kuhusu mumewe, na mkwe hayatamki mbele ya mama mkwe hata akifa. Na siku zilikuwa chache. Jumamosi wazee wa ukoo wangekusanyika kwa Barwaqo kwa dua ya kila mwaka ya marehemu mumewe, na shangazi walikwisha tangaza kwamba suala la mkwe asiyeketi litaletwa pale pale. Likishafika kwa wazee, mwenye kulirudisha ni nani?

"Tutapanda basi," alisema Nunow. "Nitafika mzima, nitaketi."

"Na mwezi ujao? Basi litakupeleka kisimani?" Kowsar alifuta machozi kwa ncha ya shela. "Tafuta siti. Tutakwenda kwa pikipiki hiyo hiyo, mimi nyuma yako, na utaketi kwenye mkeka wa mama yangu mpaka akwambie inuka."

Jumanne Nunow alikwenda sokoni peke yake, na hilo lilikuwa kosa. Mtu anayeumwa hununua kwa maumivu yake. Alibonyeza siti zote zilizoning'inia dukani, akachukua ile iliyozama zaidi, nene, imeshonwa kwa uzi mwekundu. Akaifunga, akapanda, akashusha pumzi ya raha, akaenda kujaribu kwenye kisima kilicho mwendo wa saa moja na nusu. Jioni Kowsar alikuwa uani anapepeta mchele alipoona kichwa cha mumewe kinapita juu ya ua wa mabati. Alikuwa anarudi amesimama juu ya vikanyagio.

"Kesho tunakwenda wote," alisema Kowsar, akaendelea na mchele wake.

Walikwenda kwa Duale, mzee mwenye cherehani moja na visu vitatu, anayeshona siti nyuma ya soko la mifugo. Duale aliiangalia ile siti ya uzi mwekundu, akaibonyeza kwa kidole kimoja mpaka kidole kikagonga ubao.

"Warya, kijana, umenunua godoro," alisema. "Laini ni ya dakika kumi. Baadaye inalala, na wewe unakalia ubao ule ule wa zamani, ila sasa una uzi mwekundu. Unaumwa tangu lini?"

"Mwezi."

"Mwezi! Na ulikuwa unamngoja nani? Mficha uchi hazai, mwanangu."

Nunow aliulizia zile siti za jeli ambazo vijana walikuwa wanazisifia. Duale hakubishana. Alichukua moja iliyokuwa juani, akamwambia aweke kiganja. Nunow aliweka, akakitoa upesi kuliko alivyokiweka. Kowsar akakohoa ndani ya shela yake.

Kisha mzee akaleta karai pana lenye mchanga mbichi, akausawazisha kwa ubao, akaliweka juu ya kreti.

"Keti hapa."

"Hapa? Mbele za watu?"

"Mifupa yako ndiyo inayobeba uzito, si nyama. Nikijua mifupa iko wapi, nitajua sponji ngumu ikae wapi. Keti."

Wauza mbuzi wawili walikuwa wamekwisha simama kutazama. Kowsar aligeuka akawaangalia, na kwa jinsi alivyowaangalia wakakumbuka wana mbuzi. Nunow akaketi. Alipoinuka kulikuwa na mashimo mawili mchangani, na Duale akayapima kwa shubiri, akaandika ukutani kwa chaki.

"Ona," alimwambia Kowsar. "Siti yake ilikuwa nyembamba. Mifupa ilikuwa inaning'inia pembeni."

Kowsar aliyatazama mashimo yale mawili, madogo, yaliyo kando kando. Hakucheka. Alimwonea mumewe huruma, akajifanya anatafuta kitu mkobani.

Duale alikata sponji ngumu iwe chini na tabaka jembamba laini juu yake. Upande wa nyuma aliufanya mpana, wa mbele akaubana ili miguu ifike chini. Aliinua kidogo mahali palipokuwa na mteremko, maana siti ya zamani ilikuwa inamsukuma Nunow kwenye tangi kila aliposhika breki. Nyuma akaweka sponji ya Kowsar pia. Juu akashona turubai laini ya kijivu, akasema ngozi ya bandia katika jua hili ni kikaango.

"Sasa ijaribu," alisema baada ya sala ya alasiri.

Nunow akapanda, akajitingisha, akasema ni nzuri.

"Usishuke," alisema Kowsar. "Ile nyingine pia ilikuwa nzuri. Kaa hapo mpaka magharibi."

Kwa hiyo Nunow Yarrow, fundi anayejulikana kaunti tatu, alikaa juu ya pikipiki isiyokwenda popote, na kila aliyepita alimuuliza kama petroli imekwisha. Mara mbili alisema upande wa kulia unamgusa, na kila mara Duale alifungua ushonaji, akanyoa sponji kwa kisu, akashona tena. Kuyasema tu maneno hayo, hapa pananiuma, kulimgharimu. Alimwangalia mkewe baada ya kuyasema, naye Kowsar akamwitikia kwa kichwa.

Jumamosi waliondoka baada ya alfajiri. Barabara ilikuwa ile ile, mawe na mawimbi ya mchanga, malori yakiwafunika vumbi. Saa mbili zikapita, Nunow akingoja moto uanze. Haukuanza. Ulikuja uchovu wa kawaida, ule wa mtu aliyefanya kazi, na Kowsar nyuma yake aliimba kidogo ndani ya shela.

Walipofika, wazee watatu walikuwa wameketi kivulini, na shangazi wote wanne walikuwapo, hakuna aliyethubutu kukosa. Barwaqo alitoka. Aliwasalimia kwa adabu zote, akauliza safari, akauliza afya, kisha akamwashiria Nunow mahali pake. Hapakuwa na mkeka. Palikuwa na kiti cha plastiki, kile wanachowekewa watu wa ofisi na maafisa wa sensa.

Kowsar alielewa. Mama yake hakuwa amemkasirikia mkwe. Alikuwa amekwisha kumhesabu mgeni, na hilo ni baya zaidi.

Nunow alikitazama kiti. Akakichukua kwa mikono miwili, akakiweka kando taratibu. Halafu akaketi chini, pale pale mchangani ambapo mkeka ungekuwa, akakunja miguu, akainamisha kichwa.

"Hooyo," alisema, kwani ndivyo alivyomwita, mama, "mimi si mgeni. Nitangoja hapa."

Barwaqo akageuka, akaingia ndani. Alikawia. Alipotoka alikuwa na mkeka kifuani, na macho yake yalikuwa mekundu. Aliutandika mwenyewe, akikataa msaada wa Nasteha, na Nunow akahamia juu yake. Akaketi. Alikunywa chai ya maziwa ya ngamia vikombe vitatu, akala nyirinyiri, ile nyama kavu iliyokaangwa, dua ikasomwa, jua likahama, naye hakuinuka. Mzee mkubwa, Bishar, aliyekuwa ameandaliwa kuleta lile suala, aliwatazama shangazi, akamtazama mkwe aliyeketi, akaulizia habari za mvua.

Alasiri Barwaqo alikwenda peke yake kwenye pikipiki. Kowsar alimwona anaizunguka. Aliweka kiganja juu ya siti mpya, akabonyeza nyuma, akabonyeza pembeni, akapitisha vidole kwenye mshono, kwa mikono ya mtu aliyepakia ngamia tangu ujana wake. Kisha akaangalia ubao wa siti ya zamani, ambao Nunow alikuwa ameufunga juu ya sanduku la vifaa kuwa kifuniko. Baadaye mabega yake yakaanza kutikisika, na Kowsar alipomkimbilia akidhani analia, alimkuta anacheka ndani ya shela.

"Kumbe ndiyo hii," alisema. Na Kowsar, ambaye hakuwa amesema hata neno moja, akacheka naye.

Wakati wa kuaga, Barwaqo alisimama upande, uso ameugeuza kidogo kama inavyompasa mbele ya mkwe. Mkononi alikuwa na jamvi la zamani, lile nene la kumwekea ngamia mgongoni chini ya mzigo, limekunjwa na kufungwa kamba.

"Mwanangu," alisema, "ngamia wangu wakichubuka hawawezi kuniambia. Huwatazama mimi mwenyewe, kila jioni, kila mgongo. Lakini wewe Mungu alikupa mdomo. Nimekaa siku tatu bila kula, nikijiuliza nimekukosea nini." Akamkabidhi jamvi. "Hili si la siti. Siti imeshonwa vizuri. Hili ni la kuketi chini, mkichoka njiani."

Nunow alilipokea kwa mikono miwili. Alitaka kusema mengi, akasema, "Nisamehe, hooyo."

Waliondoka. Walikwenda saa moja, kisha nusu nyingine, na siti ilikuwa bado nzuri, lakini mgongo wa Nunow ulikuwa umeanza kuchoka, na mabega pia. Zamani angeuma meno mpaka Garissa. Mbele yao barabara ilikuwa nyeupe na tupu.

"Kowsar," alisema.

"Nipo."

"Nimechoka. Mgongo unaniuma."

Kowsar alimpiga begani taratibu, mara mbili. Nunow akapunguza mwendo, akatoka barabarani, akazima injini. Wakafungua kamba, wakalitandaza jamvi mchangani, wakaketi.