Mshenga wa Maji

Wenzake walimwita Bi Subira, kwa kuwa aliweza kukaa mbele ya kompyuta tangu asubuhi hadi usiku, mwaka baada ya mwaka, akitazama molekuli moja ikijaribu kunasa kwenye protini ya kimelea cha malaria. Ikinasa, kimelea hakizaliani. Lakini hainasi. Kila hesabu, jibu ni lile lile: zinakaribiana, zinaachana.

"Mwanangu," profesa alimwambia, kwa upole uliouma kuliko ukali, "tumeibembeleza vya kutosha. Jaribio lijalo likishindwa, utaanza utafiti mwingine."

Miaka yote ile iende na maji!

Kaka wa maabara, aliyetengeneza na kupima molekuli zenyewe, alichungulia skrini. "Hawa wachumba bado wamenuniana?"

"Bado."

"Watafutie mshenga, dada. Watu hawaposani kwa kutumbuliana macho."

Bi Subira alicheka, kisha kicheko kikamkauka mdomoni. Pale kwao, kabla ya hesabu yoyote, kila mtu alifuta maji kwanza. Picha ya protini huja imezungukwa na chembe za maji, nazo huichosha kompyuta. Basi bonyeza, futa, endelea. Naye alikuwa akifuta tu, kama anayepangusa meza.

Akaifungua picha ya asili. Ndani kabisa ya shimo la protini ilikuwamo chembe moja ya maji, imetulia tuli, mkono mmoja umeishika protini, wa pili mtupu.

Kumbe mshenga alikuwapo siku zote, na wao wakimfukuza mlangoni.

Akaipunguza molekuli mkia uliokuwa ukiingia mahali pa maji yale, isimsukume mshenga bali imshike mkono. Kaka akaitengeneza hivyo hivyo, akinung'unika kwamba utani wake umemzalia kazi.

Siku ya kupima, profesa alisimama nyuma yao, mikono mfukoni. Mstari kwenye skrini ukapanda, ishara kwamba molekuli imenasa. Hata ule wa molekuli ya zamani ulipanda. Kaka akapitisha maji ya kusuuza. Hapo ndipo wa zamani ulipokuwa ukiporomoka.

Huu ukabaki juu.

"Rudia," profesa alisema.

Akarudia. Ukabaki juu, umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo.

"Mshenga hulipwa, jamani," kaka alisema.

Bi Subira aligeuka polepole. "Na ule utafiti mwingine, profesa?"

"Upi tena huo?" Profesa alikwisha kuvuta kiti, akaketi kando yake. "Hebu nionyeshe hayo maji."