Goti la Poongodi

Nianze na goti, maana kila mtu huanza na goti. Nikipita mitaa ya Saligramam na mguu wangu huu, watoto hunifuata nyuma wakiiga ninavyochechemea. Nawaacha tu. Hawajui wanamwiga nani.

Kazi yangu ni kamba. Shujaa akiruka hewani kwenye sinema, msidhani anaruka. Amefungwa mikanda chini ya nguo, kamba nyembamba imepita kwenye gurudumu la kreni, na upande wa pili tuko sisi tisa, glavu za ngozi mikononi, tunavuta. Mimi ndiye kiongozi wao. Tumerusha mashujaa, majambazi, miungu na mbuzi mmoja. Hakuna aliyedondoka mikononi mwangu, hata yule mbuzi.

Kwa hiyo magazeti yalipotangaza kwamba Parundu anafufuliwa, nilijua nitaitwa. Parundu ni yule mtu-mwewe. Filamu yake ya kwanza ilitoka miaka thelathini na moja iliyopita, na hapa Chennai humpati mwanamume wa makamo ambaye utotoni hakujifunga taulo shingoni akaruka kutoka ukutani. Kilichowatia wazimu ni ule mchupo. Parundu anasimama juu ya tangi la maji, anakunja mikono mgongoni, anatanguliza kichwa, anashuka kama mwewe aliyeona kifaranga. Watu walisimama kwenye viti wakapiga miluzi mpaka mafundi wa sinema wakalazimika kuurudisha mkanda nyuma.

Sikuitwa. Mtayarishaji, Bwana Nachiappan, alikuwa amekodi mashine kutoka ng'ambo, ya kuvuta kamba kwa kompyuta. Nilimfuata ofisini kwake.

"Poongodi, dunia imebadilika," aliniambia. "Mashine haichoki. Haitafuni tambuu. Haiombi ruhusa ya kwenda msibani."

"Wala haiogopi," nikamjibu. "Anayemshika mtu hewani lazima aogope kidogo, bwana mkubwa."

Alicheka akaniagizia kahawa. Niliinywa yote, maana ilikuwa nzuri, kisha nikaondoka bila kuaga.

Mwaka mmoja na nusu tulikaa kibandani kwa muuza chai mbele ya studio, tukihesabu mikosi yao. Mwongozaji wa kwanza aliondoka kwa ugomvi wa mabawa. Wa pili alitaka Parundu alie kila onyesho, akafukuzwa. Mvua ya Novemba ikabeba mji mzima wa mbao na karatasi walioujenga. Vazi jipya lilikuwa zito kiasi kwamba Iniyan, nyota wao, alizimia mara mbili. Sitasema uongo, tulifurahi. Velappan, mzee wa kikosi changu, alikuwa akiinua glasi yake kila gari la wagonjwa likiingia getini, mpaka nikamkemea.

Halafu Nachiappan akafanya kosa ambalo ni mtu wa kwetu tu angeweza kulifanya. Alipasua boga kabla ya wakati.

Filamu zetu huanza kwa ibada na nazi, na huisha kwa boga. Siku ya mwisho ya kupiga picha, boga kubwa la kijivu hupakwa unga mwekundu, huwashiwa kafuri juu, huzungushwa mbele ya kamera na mbele ya watu wote, kisha hubamizwa chini. Mabaya yote ya filamu ile yamekufa humo. Likishapasuka, hakuna mtu anayeigusa tena kazi ile. Sasa mnajimu wa Nachiappan alikuwa amemwambia kwamba saa njema ya kumalizia ni Alhamisi, kabla ya saa tano asubuhi. Ule mchupo ulikuwa bado uko kwa watu wa kompyuta, hakuna aliyeuona. Lakini saa njema haimsubiri mtu wa kompyuta. Alipasua boga, akapigwa picha akitabasamu, na wenye mashine wakafunga mizigo wakapanda ndege.

Wiki mbili baadaye mchupo ulikuja. Waliwaonyesha watu arobaini kwenye ukumbi mdogo, na watu arobaini wakacheka. Mashine ilikuwa imemshusha mbadala wa nyota wima, taratibu, kama ndoo inayoingia kisimani. Uso wa Iniyan uliobandikwa juu yake kwa kompyuta ulikuwa umevimba kama wa mtu aliyeng'atwa na nyuki. Na wiki tano tu zilikuwa zimebaki kufika Pongal, sikukuu ambayo nchi nzima ilikuwa imeahidiwa kuiona filamu.

Nachiappan alivua viatu mlangoni kwangu, akakaa juu ya mkeka.

"Sema unachotaka kusema," akaniambia. "Nitanyamaza."

"Sisemi kitu. Kahawa yangu si nzuri kama yako."

"Poongodi, nirushie Iniyan. Yeye mwenyewe, uso wake mwenyewe. Mchupo mmoja tu."

Moyo uliruka, nakiri. Mchupo ule ni wangu, na nitaeleza kwa nini. Lakini nilitazama goti langu. "Boga limeshapasuka," nikasema.

Nilipowapelekea habari wenzangu, Velappan, ambaye huniita Akka, yaani dada mkubwa, hakunisubiri nimalize.

"Hapana, Akka. Filamu imekufa, imezikwa. Unataka tukacheze ngoma juu ya kaburi?"

"Ni mchupo mmoja, Velappan."

"Hata ule ulikuwa mmoja!" Akanionyesha viganja vyake. "Ile kamba nilishika mimi, Akka. Umesahau? Mimi sijasahau."

Sasa nieleze. Parundu wa kwanza alikuwa mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na kilo arobaini na saba, na katika studio nzima hakuna mwanamume aliyekuwa mwepesi wa kutosha kwa kamba za wakati ule. Walinivisha kinyago na vazi, nikaruka filamu nzima. Nyota wa siku zile aliniomba nisimwambie mtu, kwa kuwa mashabiki wangemzomea. Nilimpa neno langu. Naye aliliheshimu: kila Pongal alinitumia mzigo wa miwa, mpaka alipofariki mwaka juzi. Siku moja baada ya boga la filamu ile, walisema wanataka mchupo mmoja tu wa ziada. Nilipanda. Kamba ikachomoka kwenye gurudumu, nikaangukia goti. Filamu ilipotoka, nilikaa upande wa pili wa barabara na plasta mguuni, nikatazama mashabiki wakimimina ndoo za maziwa juu ya picha ya nyota yule, picha ndefu kupita nyumba. Nyumbani kwangu hapakuwa na maziwa ya chai. Tangu siku ile, nikiona wanamwaga maziwa kwenye picha za nyota, huwafokea mpaka sauti inanikauka.

Kwa hiyo Velappan alikuwa na haki. Nilikaa na jambo lile siku mbili. Kumpandisha mtoto wa watu juu ya filamu iliyokufa sikuweza. Kuacha mchupo wangu uchekwe nchi nzima sikuweza pia. Siku ya tatu, nikiwa nachambua mchele, nikaliona jibu, nikaumwaga ule mchele kwa kusimama haraka.

"Ile imekufa, tuiache imekufa," nikawaambia wote, Nachiappan akiwepo. "Tuanze nyingine. Ibada mpya, nazi mpya, kibao kipya cha kupigwa mbele ya kamera, chenye jina jipya. Filamu ya mchupo mmoja. Ikiisha, tunaipasulia boga lake. Baadaye ukitaka kuichukua picha yetu ukaishonee kwenye ile maiti yako, shauri yako."

Nachiappan alifuta jasho. "Niianze upya mara ya tatu? Magazeti yatanichinja."

"Magazeti yatajuaje? Jina ni la kibao tu."

Velappan alikuwa anatafuna tambuu. Mwishoni akatema. "Jina liwe Goti la Poongodi," akasema, "au sivuti."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Mimi pia nilicheka. Mnajimu akatupa Jumatano, saa mbili na nusu asubuhi.

Jumatano ile nazi ilipasuka vizuri, pande mbili sawasawa. Kibao kiliandikwa GOTI LA POONGODI, ONYESHO LA KWANZA, na mshika kibao alikuwa akiuma mdomo asicheke. Ila Iniyan, aliyekuwa ameshafungwa mikanda, hakuwa anacheka. Alitazama juu ya tangi, ghorofa nne kwenda juu, kisha akatazama mikono yetu.

"Mama, mashine ilikuwa na breki tatu," aliniambia kwa sauti ndogo. "Ninyi mna nini?"

"Tuna Velappan."

"Sitanii. Ule mchupo wa zamani hauwezekani. Nilishawahi kuujaribu." Akakunja mkono wa vazi, akanionyesha kovu refu kwenye kiwiko. "Nilikuwa na miaka saba. Paa la shangazi. Nilifanya kila kitu kama yeye, na nikavunjika. Yule nyota wa zamani alikuwa mtu wa ajabu."

Neno langu nilimpa marehemu, na marehemu alikuwa ameondoka na miwa yake. Nilimvuta Iniyan kando.

"Hukufanya kila kitu," nikamwambia. "Ulianza na miguu. Mchupo unaanza na kidevu. Unakibana kifuani, unahesabu tatu, na hapo ndipo kamba inakudonoa."

"Inanidonoa?"

"Mdonoo mdogo kiunoni, kama mtu anayekushtua. Kiuno kinapanda, kichwa kinatangulia, ndipo tunakuachia. Mashine haijui kudonoa. Mimi najua kwa sababu nilidonolewa mara mia na kumi na mbili."

Alinitazama usoni, akatazama bega langu, akashuka mpaka gotini. Niliona akili yake ikifika polepole.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi."

"Basi ni wewe uliyenivunja mkono!"

Alipiga kelele hiyo mbele ya watu mia mbili, machozi yakimlenga, akicheka. Kisha akainama. Kwetu nyota huigusa miguu ya mkuu wa michezo ya hatari kabla ya kuruka. Ni adabu ya kawaida. Yeye aligusa miguu yangu, kisha akagusa goti. Hakuna mtu aliyewahi kuligusa goti lile isipokuwa daktari.

Alipanda ngazi za tangi. Tukashika kamba. Velappan alikuwa wa mwisho, ndiye breki, na alikuwa akilitazama gurudumu bila kupepesa.

"Velappan," nikamwambia bila kugeuka. "Leo si siku ile."

"Najua, Akka. Hesabu."

Nilihesabu kwa pumzi, kama ninavyohesabu siku zote. Moja. Kule juu Iniyan akavua kinyago, akakunja mikono mgongoni. Mbili. Kidevu kikaingia kifuani. Tatu, na tukadonoa, watu tisa kama mkono mmoja. Kiuno kikapanda. Kichwa kikatangulia. Tukaachia, kamba ikaunguruma ndani ya glavu, na nikamwona akija, macho wazi, nywele zimelala nyuma, anashuka kwa kasi ile ile, njia ile ile. Nilikuwa chini nimeshika kamba, na nilikuwa juu pia, wa miaka ishirini na mitatu. Velappan akakaza. Iniyan akasimama hewani, urefu wa mtu mmoja kutoka ardhini, akizunguka taratibu, mzima kabisa.

Kelele iliyopigwa pale iliwarusha kunguru wa studio nzima.

Mwongozaji, huyu wa tatu, alikuja mbio. "Safi sana! Sasa tupige mmoja tu wa ziada, kwa usalama."

Kikosi chote kilinitazama. Velappan alikuwa ameacha kutafuna.

"Leteni boga," nikasema.

"Lakini mama, mmoja tu..."

"Leteni boga! Filamu yangu imekwisha."

Nachiappan mwenyewe alilileta, amelikumbatia kifuani, unga mwekundu umemchafua shati. Sijawahi kuona mwanamke akipasua boga la filamu. Velappan aliwasha kafuri akaniwekea boga mikononi. "Filamu ina jina lako," akasema. Nililiinua juu ya kichwa na kulibamiza chini kwa nguvu zangu zote, na mbegu zikaruka mpaka kwenye viatu vya mwongozaji.

Pongal ilipofika nilikwenda onyesho la kwanza la asubuhi, na wenzangu wanane. Nje ya sinema ilisimama picha ya Iniyan, ndefu kupita nyumba, na vijana wake walikuwa wamepanda jukwaa la mianzi na ndoo za maziwa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo niwafokee. Velappan akanishika mkono.

"Tazama ya pembeni, Akka."

Pembeni palikuwa na picha ya pili, urefu ule ule. Msichana mwembamba katika vazi kuukuu la mwewe, kinyago amekishika mkononi, anacheka. Ilikuwa picha ambayo Velappan aliificha miaka thelathini na moja ndani ya sanduku la kamba. Chini yake wameandika kwa herufi nyekundu: PARUNDU WETU WA KWANZA, POONGODI. Iniyan ndiye aliyeichapisha, na vijana wake ndio walioisimamisha.

Kijana mmoja aliona ninavyouburuta mguu. Akatazama juu, akanitazama tena, akapiga mluzi. Wengine wakafuata, barabara nzima, miluzi ile ile niliyoisikia zamani nikiwa nimekaa upande wa pili na plasta. Safari hii ilikuwa yangu. Nilijivuna, na sioni aibu kusema. Nilisimama wima, goti likiniuma, nikajivuna hadharani.

Kisha wakainua ndoo, na maziwa yakaanza kuteremka juu ya paji la uso wangu, mashavuni, mpaka kwenye kile kicheko. Walisimama kidogo wakanitazama, maana habari za ukali wangu zinajulikana.

Nililia kwanza. Halafu nikapaza sauti ili wanisikie kule juu:

"Mimineni! Ila mnibakizie ya chai!"