Mukono wa Mukasine

Mwaka ule wa 1953, kwenye chimbo letu juu ya Mubi, watu hawakukosa kazi kwa uvivu. Walikosa kwa sababu ya miguu. Wanaume walisimama ndani ya maji tangu asubuhi, bila viatu, wakiosha muchanga mweusi wa kasiterite, madini ya bati, na jioni walilala ndani ya nyumba za udongo zenye funza. Funza anaingia chini ya ukucha, anavimba kama punje ya muhindi, na kidonda kinafuata. Kengele ya asubuhi ikilia, nusu ya watu walienda kazini, nusu ingine walijipanga mbele ya dispanseri.

Muzungu wa kazi alichoka. Papa Gustave, muganga wetu, akamupa shauri.

"Tusingoje kidonda. Kila siku ya posho, muntu aonyeshe miguu kwanza, kisha apate chakula chake. Tutafute mwanamuke mwenye mukono muzuri, atoe funza wote."

Niliposikia "mwanamuke mwenye mukono muzuri" nilijua ni mimi. Mwaka muzima nilikuwa nafua bande za kufunga vidonda vya wagonjwa na kuchemusha sindano. Nilisoma mupaka mwaka wa ine kwa masista, niliweza kusoma majina ya dawa. Nikangoja aniite. Mimi ni muntu wa kungoja.

Papa Gustave akamuchagua Mukasine.

Huyu alitoka milimani, Masisi, akimufuata kaka yake Straton aliyeandikwa kazi. Hakujua kusoma hata herufi moja. Lakini alikuwa anaweka muguu wa muntu juu ya goti lake, anazungusha sindano pole pole kando ya funza, na kumutoa muzima na kifuko chake cha mayai, bila tone la damu. Kisha anatia dawa ile ya kahawia inayochoma, na anapuliza kidole, kama cha mutoto. Kupuliza! Hiyo hakuna aliyemutuma.

Wanaume wakapenda.

"Dada Mukasine, angalia vizuri, kuko mwingine," muchimbaji mumoja, Viateur, akasema siku moja, na muguu wake ulikuwa safi kama sahani.

"Hakuna kitu. Enda utafute funza kwanza, njo urudi."

Mustari wote ukacheka. Mimi nilikuwa pembeni na beseni la sindano. Sikucheka.

Nisiseme uongo: miezi miwili haikuisha, na mbele ya dispanseri asubuhi walibaki watu wane ao watano tu. Muzungu akatangaza kwamba atakayemaliza miezi mitatu bila kukosa siku hata moja, huyo njo atakuwa kapita, musimamizi wa watu wa chimbo jipya. Miezi ikapita, bwana yangu Benoît akabakiza wiki mbili. Alikuwa ameanza hata kutembea kama kapita, mikono mugongoni.

Siku ya posho iliyofuata, Benoît naye akaweka muguu juu ya goti la Mukasine.

Muguu ule ulikuwa wangu. Tangu ndoa, mimi njo nilimutolea funza, mbele ya mulango wetu, akinihadisia mambo ya kazi, na kwenye mustari alikuwa anaonyesha miguu safi. Sasa alifunga macho kama muntu anayeonja asali. Mukasine akatoa mumoja, akapuliza, akasema: "Kuko mwingine kwenye kidole kikubwa, bado mudogo. Tumuache akomae. Urudi wiki ijayo."

Urudi wiki ijayo! Neno hilo nilifika nalo nyumbani kama kaa la moto.

"Benoît, leta muguu."

"Alisema tungoje."

"Leta muguu!"

Funza alikuwa mudogo kweli, tena ndani sana. Hasira ilinishika mukono, nikamupasua. Kipande kikabaki. Dawa ya kahawia ilikuwa ndani ya sanduku la Mukasine, na nilikataa kumuomba hata tone. Nikajaza tundu na majivu ya mafiga, vile mama yangu alivyotufanyia kule kijijini kwetu, Mpofi. Lakini mama alitibu watu wa shamba, wanaotembea juu ya udongo mukavu. Benoît alienda kusimama ndani ya maji.

Siku ya tatu muguu ulivimba, mutoki ukamushika kinenani, homa ikapanda. Kengele ikalia, hakuinuka. Akakosa siku ine. Kazi ile ya kapita ikaenda kwa Viateur.

Papa Gustave akaja nyumbani na hasira, pamoja na Mukasine na Straton.

"Mukasine, muguu huu ulipita kwa mukono wako siku ya posho. Kama njo hivi unaharibu watu, kesho uache kazi."

Benoît akanyamaza, kwetu mwanaume hatoi mambo ya nyumba yake nje. Mimi pia nikanyamaza. Nilijua vizuri: nikifunga kinywa tu, Mukasine anaenda, na sindano inakuja kwangu.

Mukasine akapiga magoti, akaosha kidonda. Majivu yakatoka. Akaniangalia. Kisha akakunja kitambaa haraka, majivu yakabaki ndani, Papa Gustave hakuona.

"Nimuponyeshe kwanza, Papa," akasema. "Kisha nitaenda."

Wivu wangu wa kwanza ulikuwa mutoto kwa huu mupya. Huyu mwanamuke anishinde mukono, anishinde na moyo pia? Niishi nikijua kwamba alinifichia majivu yangu? Hapana. Hiyo nilikataa.

"Papa Gustave, ni mimi. Nilimupasua funza. Nilitia majivu."

Benoît akageuzia uso ukutani.

"Wewe uliyesoma?" Papa Gustave akauliza. "Kwa sababu gani?"

Straton akacheka mulangoni: "Papa, huoni? Mama huyu alitaka kufunga muguu wa bwana yake na kufuli."

"Siku ine za kazi!" Papa Gustave akapiga kelele. "Na nitamuandikia Muzungu ugonjwa gani? Wivu?"

Hakunifukuza. Alifanya vibaya zaidi. "Kila nyumba ya kambi hii iko na mwanamuke mwenye sindano na majivu. Utakaa kando ya Mukasine mupaka ujue kutoa funza muzima, kisha utawafundisha wote."

Kesho yake hakuna mwanaume aliyekubali kunipa muguu. Walipita mbali, wakificha vidole. Basi Mukasine mwenyewe akakaa mbele yangu, akaweka wake juu ya goti langu. Kulikuwa na funza kwenye kisigino.

"Anzia hapa. Usikaze mukono, Elisabeth. Zunguka tu."

Sindano ilikuwa mukononi mwangu, na Mungu anajua nilichowaza. Nikazunguka. Jasho likanishuka puani. Funza akatoka muzima, na kifuko chake.

Kisigino chenyewe kilikuwa laini, bila ufa hata mumoja, na hiyo pia iliniuma. Nikamutia dawa ya kahawia, nyingi kidogo kuliko ilivyofaa. Akaruka.

"Pole, dada," nikasema. Nusu ya pole ile ilikuwa ya kweli.