Kifua cha Mdoli

Mdoli wa mazoezi ya huduma ya kwanza alilala chali juu ya mkeka wa plastiki, hana miguu, na bado ndiye pekee darasani aliyekuwa ametulia. Fundi cherehani alipiga magoti ubavuni pake, viganja vimelowa kama aliyetoka kufua. Ukimkandamiza mdoli sawasawa, kifua chake hulia tak. Fundi alikwishakandamiza mara thelathini, na kifua kimya, kama mkwe siku ya kwanza ukweni.

Kosa halikuwa lake peke yake. Wiki sita nzima mwalimu wa udereva alimwimbia wimbo mmoja wa klachi: taratibu, dada, kanyaga kama chini ya kiatu kuna yai. Sasa mkono nao ulikuwa umeshika somo la mguu.

Muuguzi aliyewafundisha huduma ya kwanza pale shule ya udereva akasema imebaki nafasi moja. Akishindwa, mtihani wa barabarani asahau mpaka mwezi ujao. Bondia, mwanafunzi mwenzake mwenye mabega ya kabati, akauliza kama fundi anamwokoa mgonjwa au anampima shati. Watu wakacheka. Fundi naye akacheka, meno tu.

Mwezi ujao ulikuwa mbali. Babake moyo umechoka. Kabla hajaanza haya masomo, mzee alianguka bafuni, na fundi akamshika mkono dakika arobaini akingoja gari la jirani. Mzee akazinduka mwenyewe, kwa ukaidi wake tu. Na ukaidi nao huzeeka.

Kila akitazama kile kifua cha mpira, fundi aliziona mbavu za mzee, nyembamba kama meno ya chanuo.

"Naogopa kuzivunja," alimnong'oneza muuguzi.

Muuguzi akainama. "Zikivunjika zitaunga, mwanangu. Ukiziogopa, utazika mbavu nzima."

Fundi akanyoosha viwiko, akashusha uzito wote. Tak. Tak, tak, tak. Jasho likamwingia machoni. Bondia akajikuta anahesabu kwa sauti, hakuna aliyemwomba. Thelathini, pumzi mbili, thelathini tena. Muuguzi akatia alama kwenye karatasi, akamwambia amefaulu, ainuke wenzake wapate zamu.

Hakuinuka.

"Dada, umepita," bondia akasema. "Mwache marehemu apumzike."

"Gari halijafika," fundi akajibu, na mikono haikusimama.

Hapo hakuna aliyecheka. Bondia akakunja mikono ya shati, akapiga magoti upande wa pili, akamwambia fundi ahesabu sasa, ikifika thelathini yeye atampokea kukandamiza.